Nyuma ya Jacob Adler, mwigizaji asiyejua kuimba

Jumamosi, London

Princelet Street ni barabara fupi upande wa mashariki wa London, hatua chache kutoka Brick Lane na migahawa yake ya Wabangladeshi. Ukipita kwa haraka huoni cha ajabu: nyumba za matofali, madirisha marefu, watalii wanaopiga picha milango iliyobambuka rangi. Inabidi utazame chini. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna kifuniko cha chuma cha duara chenye mchoro wa fidla. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya thieta ya Kiyidi iliyosimama hapa tangu mwaka 1886, ilipojengwa na muuza nyama mmoja, David Smith. Nyota wake alikuwa mtu wa miaka 31 kutoka Odessa, Jacob Adler.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mzizi wake ni Kijerumani, ikameza Kiebrania na lugha za Kislavoni, ikaandikwa kwa herufi za Kiebrania, na wasomi wakaidharau muda mrefu wakisema ni lugha ya jikoni na sokoni. Msomaji wa Kiswahili, ambaye mababu zake waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Nimeanza kumfuata Adler kwa sababu ya kitu alichokosa. Thieta ya Kiyidi ya siku zake ilikuwa ya nyimbo mwanzo hadi mwisho, naye hakujaliwa sauti ya kuimba. Mimi nilisomea sanaa Bagamoyo, ambako mwigizaji anatakiwa aimbe, acheze na apige ngoma, na mwalimu wangu alikuwa akinisimamisha safu ya nyuma kwenye nyimbo zote, tena karibu na pazia. Kwa hiyo niliposoma kwamba mtu asiyeimba aliitwa na wenzake Tai Mkuu na kutawala jukwaa kwa miaka mingi, nilitaka kujua alifanyaje. Nimepata likizo kazini, nimekata tiketi ya New York, na kwa kuwa naishi London nimeona nianze na hapa.

Adler alifika London mwishoni mwa 1883. Mwaka huohuo serikali ya Urusi ilikuwa imepiga marufuku michezo ya Kiyidi, miaka miwili baada ya Tsar Alexander wa Pili kuuawa na Wayahudi kuanza kushambuliwa katika miji ya kusini. Waigizaji wakabaki bila kazi kufumba na kufumbua. Hapa London alimkuta ndugu wa mbali wa ukoo wake, Nathan Marcus Adler, Rabi Mkuu wa Uingereza. Unaweza kudhani mambo yalinyooka. Lakini rabi alikiona Kiyidi kama aibu mbele ya Waingereza, na waigizaji ndio kabisa.

Mwaka 1886 Adler alimzika binti yake mdogo, Rivka, kisha mkewe Sonya Oberlander, aliyefariki baada ya kujifungua. Haya aliyasimulia mwenyewe alipozeeka, bila kupamba sana. Halafu ikaja Jumanne ya tarehe 18 Januari 1887. Ukumbi umejaa, onyesho linaendelea, mtu akapiga ukelele wa moto. Moto haukuwapo. Watu wakakimbilia mlangoni kwa pamoja, na 17 wakafa kwa kukanyagana. Baada ya usiku ule watu waliacha kuja. Mlango ulikuwa uleule, nani angeupita tena na mtoto mkononi?

Miezi kadhaa baadaye Adler na wenzake wakapanda meli kwenda Marekani, daraja la chini kabisa. Sehemu ya nauli ilitoka kwa rabi. Sijui kama ni huruma au ni namna ya kuwasukuma mbali, na nadhani inawezekana ikawa yote mawili.

Jumapili, ndani ya ndege

Kiti cha dirishani, jirani amelala kabla hatujaondoka. Nimesoma Odessa njia nzima.

Adler alianza kusimulia maisha yake katika gazeti la Kiyidi la New York mwaka 1916, sehemu baada ya sehemu. Ni msimulizi mzuri na ana majivuno kidogo, kama mwigizaji yeyote anayejiheshimu. Alizaliwa Odessa tarehe 12 Februari 1855, bandari ya Bahari Nyeusi iliyojaa Wagiriki, Waitalia, Warusi na Wayahudi. Ujana wake ni wa mtoto wa mjini: kucheza dansi, kupigana ngumi, kuzurura. Vita vya Urusi na Uturuki vilipoanza mwaka 1877 alikwenda kuhudumia majeruhi na wagonjwa. Aliporudi alipata kazi ya serikali, ukaguzi wa vipimo na mizani sokoni. Mtu mwenye kazi hiyo, kila mfanyabiashara anamwamkia kwanza.

Mwaka 1876 mshairi Abraham Goldfaden alikuwa amefungua thieta ya kwanza ya kulipwa ya Kiyidi huko Iași, Romania. Kabla ya hapo Wayahudi walikuwa na michezo ya sikukuu ya Purimu, waimbaji wa harusini na wa vilabuni, lakini si kundi linaloishi kwa tiketi. Vita vilileta wanajeshi na wakandarasi wenye fedha, na fedha ikataka burudani. Punde waigizaji kutoka upande wa Goldfaden wakaingia Odessa. Adler, mkaguzi wa mizani mwenye marafiki ofisini, akawa miongoni mwa waliowasaidia kupata pa kuchezea. Kisha akaacha ofisi akapanda jukwaani pamoja nao.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Kherson, akiwa mpenzi katika mchezo mmoja wa Goldfaden, na Sonya ndiye aliyekuwa nyota wa kike. Wote waliimba. Yeye alijitahidi. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu mpaka jirani akaamka.

Kilichomwokoa ni mchezo wa Kijerumani uliotafsiriwa kwa Kiyidi, wa Uriel Acosta, Myahudi wa Amsterdam aliyefukuzwa na viongozi wa dini kwa mawazo yake. Humo unasimama, unasema, unanyamaza, unaangaliwa. Adler alikuwa mrefu, macho makubwa, na alijua kunyamaza. Tangu hapo alijua anachotaka: tamthilia ambayo watu watalia bila kuimbiwa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwa Kiyidi tamthilia hizo zilikuwa za kuhesabika. Goldfaden na waliomwiga waliandika nyimbo, wafalme wa kale, vichekesho na malaika wanaoshuka kwa kamba. Wakosoaji wakaziita takataka. Mimi siungani nao moja kwa moja, maana takataka hizo ndizo zilizowafanya washona nguo wasiojua kusoma wapende jukwaa. Lakini naelewa kwa nini mtu asiye na sauti alizichoka.

Jumatatu, Bowery na Grand Street

New York baridi. Nimefikia kwa binamu yangu, mama wa watoto wawili, aliyenipokea kwa wali wa nazi na swali moja: "Kaka, yaani umekuja mpaka huku kumtafuta mtu aliyekufa?"

Asubuhi nimeteremka Grand Street. Adler hakupata nafasi New York mara ya kwanza. Makundi mengine ya Kiyidi yalikwisha kufika na kugawana kumbi, akajaribu Chicago, ikashindikana, akarudi London. Aliitwa tena New York karibu mwaka 1889, na safari hiyo alikaa. Kati ya 1881 na 1914 Wayahudi karibu milioni mbili walihamia Marekani, na sehemu kubwa yao ilipitia mitaa hii, familia nzima kwenye vyumba viwili, cherehani dirishani.

Thieta zao zilikuwa Bowery: Thalia, Windsor, People's. Kisha mwaka 1903, kwenye kona ya Grand na Chrystie, ukafunguliwa ukumbi wa Grand, wa kwanza New York kujengwa mahsusi kwa ajili ya thieta ya Kiyidi, nao ukawa makao ya Adler. Nimesimama kwenye kona hiyo. Upande mmoja kuna bustani ndefu ambamo wazee wa Kichina wanacheza karata, upande mwingine maduka ya samaki, kaa hai kwenye ndoo na kelele za bei. Hakuna kibao. Nimezunguka mtaa mzima nikitafuta hata tofali lenye sura ya zamani, nikaishia kununua machungwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kona hii inaeleza jinsi thieta ile ilivyolipiwa. Jumatatu hadi Alhamisi ukumbi mara nyingi uliuzwa mzima kwa chama: chama cha wafanyakazi, au chama cha watu waliotoka mji mmoja kule Ulaya. Vyama hivyo vya watu wa mji mmoja vilizika wanachama wao, vilikopesha, vilitibu, kama vile vyama vya kuzikana tunavyovijua. Chama kinanunua onyesho kwa bei ya jumla, kinauza tiketi kwa wanachama kwa bei ya juu kidogo, faida inakwenda kwa mjane fulani au mfuko wa mgomo. Kwa hiyo fundi cherehani alikwenda kumwona Adler huku akitoa mchango. Mwisho wa wiki ndipo tiketi ziliuzwa kwa yeyote, na nyota wakatoa michezo yao mikubwa.

Watazamaji walikula ndani, walinyonyesha, waligombana, waliita majina ya wahusika. Kila nyota alikuwa na mashabiki wake wa kufa na kuzikana, walioitwa wazalendo. Wazalendo wa Adler walizomea nyota wengine, na wazalendo wa Boris Thomashefsky wakarudisha. Thomashefsky alikuwa na sauti, miguu mizuri na mavazi ya kifalme. Sasa fikiria unashindana na huyo, nawe nyimbo zinakupita kushoto.

Jumanne, Second Avenue

Hii ndiyo siku niliyoitazamia, na ndiyo iliyonichanganya zaidi.

Jacob Gordin alifika New York mwaka 1891 kutoka Ukraine, mwandishi wa habari mwenye ndevu ndefu na mawazo ya kimapinduzi. Alipotazama thieta ya Kiyidi hakuipenda hata kidogo. Adler akamtaka aandike. Mchezo wa kwanza, unaomhusu mtu aliyetoroka uhamishoni Siberia, ulichezwa mwaka huohuo. Watu walinung'unika: nyimbo ziko wapi, vichekesho viko wapi? Ikambidi Adler atoke mbele ya pazia katikati ya onyesho na kuwasihi waheshimu kazi ile. Wakatulia. Nadhani hakuna aliyekuwa na hamu kuliko yeye ya kuona ukumbi ukitulia.

Mwaka 1892 Gordin akamwandikia Mfalme Lear wa Kiyahudi, akiichukua tamthilia ya Shakespeare ya mfalme anayewagawia binti zake ufalme. Nimeusoma mara kadhaa na bado unanishangaza kwa urahisi wake. Hakuna mfalme, hakuna Uingereza. Kuna David Moysheles, mfanyabiashara tajiri wa Vilna (leo Vilnius, Lithuania), ameketi kwenye karamu ya Purimu na familia yake yote. Anatangaza kwamba anawagawia binti zake watatu mali, yeye na mkewe wahamie Yerusalemu wakafie huko. Binti mdogo, Taybele, anaikataa zawadi ya baba. Kuna mwalimu mezani anayemsimulia mzee hadithi ya Lear ili kumwonya, na mzee anakasirika. Yaliyobaki unayajua: mkwe mwenye kushika funguo za ghala, chakula kinachopimwa, macho yanayopofuka, na mwisho tajiri wa jana anatoka barabarani kuomba sadaka akijitangaza kuwa ndiye Mfalme Lear wa Kiyahudi.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja mtazamaji alinyanyuka, akaja mbele kwenye ujia akimwita Adler kwa jina lake la nyumbani, aachane na wale mabinti wasio na shukrani, aje kwake akale, mke wake anapika vizuri. Husimuliwa pia kwamba siku baada ya onyesho vijana walipanga foleni benki kuwatumia wazazi wao fedha Ulaya. Hadithi za thieta huongezwa chumvi, lakini hii ya pili naiamini bila shida. Mhamiaji yeyote anaijua ile hofu ya simu ya nyumbani isiyopokelewa. Nami nilimtumia mama fedha kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, Second Avenue yenyewe. Ilipata umaarufu Adler akiwa tayari ni mzee: kumbi kubwa zilianza kuhamia hapa karibu 1911. Kwenye kona ya barabara ya 12 kuna sinema ambayo ilifunguliwa mwaka 1926 kama thieta ya sanaa ya Kiyidi ya Maurice Schwartz. Nimelipa tiketi ya filamu nisiyoijali ili nitazame dari tu. Ni kuba lenye nakshi za kiarabu, rangi na dhahabu, nyota ya Daudi katikati, na huwezi kuamini kwamba watu waliojenga kitu kama hiki walidhani hadhira yao itakwisha.

Mbele kidogo, kona ya barabara ya 10, kulikuwa na mgahawa maarufu wa Kiyahudi. Mwenyewe, Abe Lebewohl, alitandaza nyota za mawe njiani zenye majina ya waigizaji wa Kiyidi. Yeye aliuawa mwaka 1996, mgahawa ukahama, na leo pana benki. Nyota bado zipo, nyingine majina yamesagwa na viatu. Nimesimama juu ya Fyvush Finkel na nikamwomba radhi. Huyo naye ni somo: alizaliwa Brooklyn mwaka 1922, akapanda jukwaani akiwa na miaka 9, akaishi kwa Kiyidi miaka 35 mpaka kumbi zikafungwa. Akaanza upya kwa Kiingereza akiwa mtu mzima, akapata tuzo ya Emmy mwaka 1994 akiwa amepita miaka 70, na aliendelea kufanya kazi karibu hadi kufa kwake 2016.

Kilichonichanganya ni hiki. Adler alipigania tamthilia nzito, lakini waliojaza mtaa huu baada yake ni waimbaji na wachekeshaji. Molly Picon, mwanamke mdogo wa umbo aliyepiga sarakasi jukwaani, aliwapendeza watu kuliko Lear yeyote. Nimekaa kwenye duka la kahawa nikijiuliza kama Adler alishinda au alishindwa, na nadhani swali lenyewe ni la mtu aliyewekwa karibu na pazia.

Jumatano

Mvua siku nzima. Nimekwenda barabara ya 16 kwenye taasisi ya YIVO, iliyoanzia Vilna mwaka 1925 na kuhamia hapa wakati wa vita, ina hazina ya mabango na picha za thieta ya Kiyidi. Sisomi herufi zao. Mama wa maktaba alinisomea, akinyoosha kidole kutoka kulia kwenda kushoto kama maalimu chuoni. Kwenye mabango jina la nyota ni kubwa kuliko jina la mchezo. Hilo halijabadilika popote duniani.

Alhamisi, barabara ya 42

Hakuna cha kuona hapa pia, ila nilitaka kusimama. American Theatre ilikuwa karibu na Eighth Avenue, ikabomolewa mwaka 1932. Leo ni taa, vikaragosi wanaodai fedha ya picha, na kelele.

Mwaka 1901 Adler aliigiza Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha katika tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiyidi kwenye ukumbi wa People's. Mwaka 1903 akaletwa Broadway, hapa. Wenzake wote walisema Kiingereza. Yeye peke yake alisema Kiyidi. Unaweza kuona ni kituko. Mimi naona ni akili kubwa: mahakama nzima ya Venisi inaongea lugha moja, na mtu mmoja anajibu kwa lugha nyingine, hata hadhira isiyomwelewa inaelewa hasa kwa nini.

Sisi wengi tulimjua Shylock kupitia Mwalimu Nyerere, katika Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Shuleni tulimcheza kwa mgongo uliopinda, ndevu za katani na kisu cha mbao, na darasa zima lilicheka. Waingereza na Wamarekani nao walimcheza hivyo karne nyingi. Adler alimtoa na mavazi ya gharama, mwendo wa mtu mwenye nyumba na heshima. Aliamini kwamba Shylock hakuwa akiitafuta ile ratili ya nyama kwa kiu ya damu, bali ni kiburi cha mtu aliyetemewa mate mwaka baada ya mwaka. Akishindwa mahakamani, alitoka amenyanyua kichwa. Hakuongeza hata neno moja kwa Shakespeare. Alibadilisha shingo tu.

Kuna upande mwingine wa Adler na sitauficha. Alioa mara tatu, akazaa na wengine nje, na wanawake wengi walilia kwa sababu yake nyuma ya jukwaa. Mke wa tatu, Sara, aliyekuwa mke wa mkuu wa kundi jingine, alikuwa mwigizaji bora na alistahili safari yake mwenyewe. Sitakaa zaidi hapo.

Ijumaa, Brooklyn

Binamu alinipeleka Williamsburg kununua vitambaa. Kiyidi kipo! Kipo kwenye mabasi ya shule, vibao vya maduka, midomo ya watoto wanaogombania pipi. Wayahudi wa Kihasidi, washika dini sana, wamekitunza kama lugha ya kila siku. Lakini hawa wengi wao thieta ya aina ya Adler hawaigusi, isipokuwa michezo yao wenyewe ya Purimu. Kwa hiyo lugha iko upande huu wa mto, na jukwaa liko upande ule, ambako kundi la Folksbiene, lililoanzishwa 1915, linaigiza Kiyidi mbele ya watu wanaosoma tafsiri ukutani. Katikati kuna sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliyofunga mlango, watoto waliohamia Kiingereza, na mamilioni waliouawa Ulaya na Wanazi.

Mchana Brooklyn ilianza kufunga kwa ajili ya Sabato. Tukakimbia.

Jumamosi

Makaburi ya Kiyahudi hufungwa leo. Nimefua nguo.

Jumapili, Queens

Treni ya L hadi Myrtle-Wyckoff, kisha basi. Makaburi ya Mount Carmel yapo Glendale, mawe yamesongamana kama watu kwenye kivuko. Mlinzi alinielekeza bila kuuliza mimi ni nani. Humu yumo Sholem Aleichem, mwandishi mkubwa wa Kiyidi. Yumo Jacob Adler, yumo Sara, yumo binti yao Stella.

Stella Adler alipanda jukwaani mtoto, akishikwa mkono na baba yake. Alifariki 1992. Katikati alisafiri Paris mwaka 1934 kukaa na Konstantin Stanislavski, gwiji wa Kirusi wa mafunzo ya uigizaji, akarudi New York kuwaambia wenzake kwamba wamemwelewa vibaya, kisha akafungua shule yake mwaka 1949. Marlon Brando alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo kama umewahi kumwona Brando akinyamaza mbele ya kamera na wewe ukashindwa kupumua, kuna kitu hapo kimetoka mbali, kwa mkaguzi wa mizani wa Odessa. Siwezi kulithibitisha hilo kwa karatasi. Naliamini kwa kutazama.

Adler alipatwa na kiharusi mwaka 1920. Baada ya hapo hakuweza tena kucheza onyesho zima, ila waliendelea kumleta jukwaani kwenye maonyesho ya kumchangia. Alikuwa akicheza sehemu ya kwanza tu ya Lear ya Gordin, kwa sababu kwenye karamu ile ya Purimu David Moysheles anakaa kitini muda wote. Alikufa mapema Aprili 1926, na makumi ya maelfu ya watu wakajaa barabarani kumsindikiza.

Nimemwandikia mwalimu wangu Bagamoyo palepale, nimekaa kwenye ukingo wa njia. Shikamoo, nikamweleza habari ya Lear, na kwamba Gordin hakutafsiri, alihamisha nyumba. Nikamuuliza: tukimfanya tajiri wa karafuu wa Pemba, ana binti watatu, anagawa mashamba siku ya Idi ili aende akafie Maka, je, itasimama?

Kwake ilikuwa usiku lakini alijibu, kwa sauti, kama kawaida yake.

"Marahaba mwanangu. Itasimama. Lakini agawe Idi mosi, mchana, kabla watu hawajatawanyika kwenda kutembeleana. Idi pili nusu ya familia imeshapanda boti. Na mkwe wake asiwe mbaya tangu mwanzo, awe ndiye anayemmiminia mzee kahawa."

Nikamuuliza nani atamcheza mzee. Magoti yake yamemsumbua miaka, hasimami tena zaidi ya dakika chache. Nikamweleza ile habari ya kiti.

"Sehemu ya kwanza nitaimudu," akasema. "Ya pili mpaka ya nne utacheza wewe. Hamna nyimbo humo, sivyo?"